Wachawi wa Mwalimu Rono

Siku ya kuniaga, walimu wenzangu, mlininunulia blanketi na birika, mkaniomba niwaandikie machache kuhusu miaka yangu ya kufundisha Historia katika shule hii ya wasichana hapa Subukia. Nilifurahi kweli. Kisha mmoja wenu, na anajijua, akauliza huku bado anatafuna keki yangu, "Madam Wangeci, ni kweli ulifundisha pamoja na Mwalimu Rono? Alikuwa aje?" Wengine wote mkasogeza viti mpate jibu. Basi nimeamua kuandika habari hizo moja kwa moja, maana naona ndizo mnazozitaka. Vyeo na mshahara nitaviacha. Havikuwahi kuninyima usingizi. Rono alininyima.

Nilifika shuleni asubuhi ya manyunyu, na mtu wa kwanza kunipokea alikuwa Mwalimu Ndirangu, mkuu wa idara yetu, mtu mrefu aliyevaa koti moja misimu yote. Hakuuliza vyeti vyangu. Alinipa kipande cha chaki, akanipeleka darasa lililokuwa tupu, akaniambia niandike sentensi yoyote ubaoni. Nikaandika. Yeye akaenda kukaa dawati la nyuma kabisa, karibu na dirisha, pale ambapo jua hupiga ubao ukang'aa kama bati.

"Hapa sioni kitu," akasema.

Nikafuta, nikaandika tena, herufi kubwa zaidi. Hakuona. Nikaandika tena. Tuliendelea hivyo hadi mkono wangu ukawa mweupe mpaka kwenye kiwiko. Hatimaye akasimama, akajipangusa suruali, akasema, "Msichana atakayekaa hapa pia ni wako." Hiyo ndiyo iliyokuwa semina yangu ya kwanza, na sijahudhuria nyingine iliyoizidi. Alinifundisha pia kufuta ubao kwa kitambaa chenye unyevu ili vumbi lisiingie kifuani, na kuitumia ile mashine ya stensili ya kuchapia mitihani, ambayo ilikuwa na tabia ya kumeza karatasi na kumtemea mtu wino. Kama mmewahi kuona doa jeusi kwenye dari ya ofisi ya walimu, sasa mnajua lilitoka wapi.

Ndirangu alikuwa na sanduku la bati lililojaa vitabu. Vilikuwa vya mlowezi mmoja aliyeuza shamba lake wakati wa uhuru akarudi kwao. Ndirangu, akiwa bado kijana, alivikuta vimerundikwa kando ya zizi vikingoja kuchomwa pamoja na takataka, akaviomba. Vingi vilikuwa vya historia ya Ulaya katika karne ya kumi na sita na ya kumi na saba, wakati mashine za kupiga chapa zilikuwa bado kitu kipya na watu wa kawaida walikuwa ndio wanaanza kujifunza kusoma. Aliniazima kimoja kimoja, kila kimoja kimefungwa kwa gazeti, naye alinitazama mikono kabla ya kunipa. Nilivisoma wikendi, dirishani, chai ikipoa kando yangu.

Mimi, kama wengi, nilikuwa nimedhani kwamba kuamini uchawi ni jambo la wasiosoma, na kwamba vitabu vilipoingia, uchawi ukatoka kwa mlango wa nyuma. Vitabu vya Ndirangu vilinipindua. Wakati ule wasomi ndio waliokuwa na uchawi mwingi. Mahakimu, madaktari na makasisi waliandika vitabu vinene vya jinsi ya kumtambua mchawi, vikapigwa chapa, vikauzwa, vikasafiri hadi mahali ambapo mambo hayo hayakuwa yamesikika. Kalenda za nyota zilizowatabiria watu vita na njaa ziliuzwa sokoni. Aliyejua kusoma aliogopa zaidi, kwa kuwa alikuwa na mengi zaidi ya kuogopa.

"Wangeci," Ndirangu aliniambia siku moja tukinywa chai, "mwanakijiji alijua tu kwamba amegombana na jirani na ng'ombe wake amekufa. Msomi ndiye aliyekuja kumwambia kuna mkataba na Shetani, tena akamwonyesha na ukurasa."

Nilisoma sanduku lote, hadi kitabu cha chini kabisa ambacho kilikuwa kimeliwa na mchwa pembeni. Nilijihesabu kuwa mrithi. Hakuna aliyeniambia hivyo, ila moyo wa mtu hauhitaji kuambiwa.

Kisha akaja Rono.

Alitoka upande wa Njoro. Alifika akiwa amechelewa, matope hadi magotini, na kabla hajamaliza kuomba radhi darasa lilikuwa limekwisha kumpenda. Hakuwa na maandishi ya somo, na mpango wa kazi aliujaza baada ya kazi. Alisimama tu, akaweka mikono mfukoni, akaanza, "Sasa, kulikuwa na mfalme mmoja mwenye meno mabovu..." na wasichana wakawa wake. Madarasa yetu yalitenganishwa na ukuta wa mbao. Mimi nikifundisha mapinduzi ya kilimo na mzunguko wa mazao, wasichana wangu walikuwa wameinamisha vichwa upande wa ukuta kama kuku waliosikia mwewe. Wanapocheka huko, wangu wanatabasamu huku. Nilikuwa napaza sauti, na hapo ndipo nilipopata ule ugonjwa wa koo ambao mliuzoea.

Nisingejali sana lakini Mwalimu Ndirangu alianza kubeba kiti chake kwenda kukaa nyuma ya darasa la Rono. Hakwenda kumkagua, alikwenda kusikiliza. Kwangu hakuwahi kuleta kiti. Wasichana wangu walipita mtihani vizuri kuliko wa Rono. Nilimwambia mume wangu hivyo mara nyingi hadi akawa ananimalizia sentensi.

Ndirangu alipostaafu, Rono ndiye aliyepewa sanduku. Nilimkuta Ndirangu akisaidiana naye kulitoa nje kwa mkokoteni, nikasimama pale kama mtu aliyekuja matanga ya nyumba isiyo yake. Rono alipokwenda kutafuta kamba, nilisema, "Mwalimu, mimi nilikuwa nafikiri..."

"Wewe umeshavisoma vyote," Ndirangu akanijibu kwa upole. "Huyu hajasoma hata kimoja."

Nikasema sawa. Sawa ni neno lenye nguvu, mtu anaweza kulibebesha gunia zima na lisilie.

Rono alisoma vitabu vile kama mtoto anavyokula githeri: akachagua maharagwe, akaacha mahindi. Nilijua kwa sababu alikuja akinisimulia, macho yamemtoka, kurasa zile zile za kusisimua, na nikimuuliza habari za mwisho wa kitabu anasema, "Huko bado, Madam." Baada ya muda mfupi akaamua kuzipeleka kurasa hizo kwa chama cha Historia cha Kidato cha Tatu. Aliligeuza darasa mahakama. Msichana mmoja akawa hakimu mwenye kitabu kikubwa, mwingine akajifunga leso akawa bibi kizee mshtakiwa. Rono mwenyewe alisoma dalili kwa sauti ya kutisha. Mchawi ana alama mwilini isiyosikia uchungu. Mchawi huongea peke yake. Mchawi hufuga paka. Na ukigombana naye akakutishia, utaugua. Wasichana walipiga kelele za furaha hadi nesi akaja kuangalia kuna nini. Upande wa pili wa ukuta, mimi nilikuwa nimefika kwenye faida za samadi.

Muhula huo huo, wakati wa baridi, msichana aitwaye Akinyi alianguka paredini. Alikuwa wa Kidato cha Tatu, mtulivu, mzaliwa wa Kamere kule ziwani. Miguu ilimlegea tu, akaenda chini. Kesho yake walianguka wengine. Siku iliyofuata bweni zima lilikuwa linalia, wengine wakitetemeka, wengine wakisema wamekabwa shingo. Nesi aliwapima malaria, hakupata kitu. Kabla ya chakula cha mchana neno lilikuwa limeshatoka: kuna mchawi shuleni, na ni Mama Sera.

Mama Sera alikuwa mpishi wetu. Mjane, mnene, mkali kidogo, mwenye kovu kubwa la moto mkononi lililomwezesha kushika mfuniko wa sufuria bila kitambaa. Akikoroga ugali alikuwa akiongea na ugali. Na kwenye stoo ya mahindi kulikuwa na paka, kwa sababu kulikuwa na panya.

Niliwakuta wasichana wa Kidato cha Tatu wamejikunyata nje ya bwalo, wamekataa kuingia kula. Nikawauliza nani aliwaambia upuuzi huo.

"Si upuuzi, Mwalimu," kiongozi wao akasema. "Ako na alama na haisikii moto. Anaongea peke yake. Ako na paka. Hata kwa kitabu iko."

Aliyataja kwa mpangilio ule ule wa Rono, bila kukosea. Nitawaambia kilichonipata pale, mnicheke mkitaka. Kabla sijamhurumia Mama Sera, kabla sijawaogopea wasichana, niliona wivu. Nilikuwa nimewafundisha watoto hao tangu Kidato cha Kwanza. Wangeshindwa kunitajia faida mbili za samadi. Somo la Rono lilikuwa limeingia hadi kwenye mifupa. Nilimwonea mtu wivu kwa janga lake.

Wazazi wakaanza kufika. Mwalimu mkuu, mama mwenye busara lakini mwenye hofu ya magazeti, alimwambia Mama Sera akae nyumbani kwanza "kwa usalama wako." Alasiri hiyo Rono alikuja kwenye meza yangu. Uso ulikuwa umemkauka.

"Madam, ni mimi," akasema. "Haya maneno ni yangu."

"Najua. Nilikuwa nayasikia kwa ukuta."

"Wewe umesoma vile vitabu vyote. Nifanye nini?"

Ningependa kusema nilimjibu haraka. Nilimaliza kwanza kusahihisha daftari lililokuwa mbele yangu. Kisha nikamwambia habari za kile kitabu cha chini, kile cha mchwa, ambacho hakuwa amekifikia. Humo kulikuwa na habari za mkaguzi mmoja wa kanisa kule Hispania aliyetumwa kwenye wilaya iliyojaa kesi za uchawi, watoto wakitaja majirani zao mamia kwa mamia. Alipofika aliwahoji watu mmoja mmoja, akayalinganisha maneno yao, akaona hayashikani. Akaona pia kwamba mambo yalizidi pale yalipohubiriwa na kuzungumzwa. Akashauri watu wanyamaze, na moto ukafa.

"Kwa hivyo tuwatenganishe," Rono akasema.

"Tuwatenganishe. Paredi isiwepo, mikesha ya maombi isiwepo, mtu asitajwe. Wanywe uji. Tuwahoji mmoja mmoja."

Mwalimu mkuu alikubali. Mimi nikakaa chumba cha ramani, Rono akakaa maktaba, na wasichana wakaletwa. Kwangu waliingia, wakatazama viatu vyao, wakasema, "Sijui, Mwalimu," wakatoka. Kwa Rono walilia wakasema yote. Akinyi alimweleza kwamba yeye na wenzake wachache walikuwa wameapa kufunga ili wapite mtihani, wakawa wanamwaga chakula kisirisiri. Kwa hiyo wa kwanza walianguka kwa njaa. Waliofuata walianguka kwa woga.

Nilibaki na swali moja lililokuwa likinikereketa: katika vile vitabu, karibu kila kesi ilianza na ugomvi. Ugomvi ulikuwa wapi? Nikamfuata Mama Sera nyumbani kwake, chumba kimoja nyuma ya duka la posho. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, hajawasha moto. Mpishi, na hajawasha moto.

"Wamekutuma wewe unifukuze?" akaniuliza.

"Hapana, mama. Nimekuja kuuliza. Uligombana na Akinyi?"

"Nilimpata akimwaga githeri nyuma ya choo. Githeri nimeamka na giza kuipika! Nikamwambia, utaona." Akanitazama. "Nilimaanisha nitamwambia mwalimu mkuu. Kwani wewe mama yako hakuwa anakuambia utaona?"

Alikuwa ananiambia kila siku. Nikamsaidia kuwasha jiko, tukanywa chai, na njiani nikirudi nilikuwa na kila kitu mkononi: njaa, ugomvi, kitisho, ugonjwa, halafu somo la Rono likavishona vyote pamoja. Ilikuwa kama mfano wa kitabuni, na mimi ndiye niliyeuona wote. Nilitembea kwa haraka. Siwezi kudanganya, nilikuwa na furaha.

Mkutano wa wazazi ulifanyika bwaloni. Mwalimu mkuu alisema, "Madam Wangeci atatueleza." Nilikuwa nimeandika kurasa mbili, safi, kwa mpangilio. Nilikuwa nimemaliza ya kwanza, ile ya historia, wakati baba mmoja, dereva wa lori wa Mai Mahiu, aliposimama.

"Mwalimu, sisi hatukuja darasa," akasema. "Mtoto wangu anatetemeka kwa kitanda. Huyo mama aende ama hii jikoni tutaichoma."

Watu wakanguruma. Mama Sera alikuwa amekaa kando ya mlango, leso mdomoni. Nilifungua kinywa nisome ukurasa wa pili. Rono alikuwa ameshasimama.

"Mzee," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "hiyo mkono yako ilifanya nini?"

Dereva akautazama mkono wake kama vile ameletewa. Ulikuwa na kovu pana. "Radieta. Lori ilichemka nikipanda milima."

"Inauma?"

"Siku hizi haina uchungu."

"Unaongea peke yako ukiendesha?"

"Safari ya mbali lazima uongee. Usingizi, boss."

"Na paka, uko nayo?"

Kabla hajajibu, mkewe alipaza sauti kutoka nyuma, "Ako nazo tatu!"

Bwalo likacheka. Lilicheka hadi vijiko vikalia mezani. Rono akangoja, na kungoja huko mimi sikuwahi kukuweza, kisha akasema, "Basi tumepata wawili. Nani mwingine ako na alama? Mimi niko na hii ya shingo. Na nikisahihisha mitihani ninaongea peke yangu usiku kucha. Tuanze kuchoma na nani?"

Hakuna aliyecheka tena. Akawaambia kwamba dalili zile ni yeye aliyewafundisha watoto, kama mchezo, kutoka kwa vitabu vya watu waliochoma mama zao. Akageuka akamwomba Mama Sera msamaha mbele ya wote. Ndipo Akinyi akasimama katikati ya wenzake, akasema habari za kufunga. Dereva akakaa. Mwanamke mmoja akaenda kumshika Mama Sera bega.

Mimi nilikuwa bado nimesimama na ukurasa wa pili. Nilikuwa nimeshauri tunyamaze, na Rono alikuwa amezungumza, na kuzungumza kwake ndiko kulikozima moto. Hilo halikuwa katika kitabu chochote. Nililitafuta baadaye, kwa matumaini.

Wasichana walipona ndani ya wiki. Mama Sera alirudi akapika hadi shule ilipofungwa kwa likizo, kisha akaaga. Nilimsihi abaki. "Nimesamehe," akaniambia akikunja aproni yake. "Lakini mtu akishaogopa sahani yako, hauwezi tena kumpakulia na moyo." Alihamia Nakuru. Shule ilipata mpishi mwingine, kijana asiye na kovu, na chakula kikawa kibaya tangu siku hiyo hadi leo, kama mnavyojua.

Rono alihamishwa miaka michache baadaye. Mimi nilibaki, na nikaendelea kuandika herufi kubwa. Kila mwaka nilifundisha Kidato cha Tatu habari za wasomi na wachawi, hadi kurasa za mwisho, na yule mkaguzi wa Hispania. Hakuna aliyepiga kelele za furaha. Hakuna aliyeanguka pia.

Mwaka huu, kabla ya kustaafu, tuliitwa semina ya walimu wa Historia pale Nakuru, na msemaji mkuu alikuwa yeye. Amenenepa, nywele zimekuwa mvi, na bado huweka mikono mfukoni. Alisimulia kisa cha Subukia, na ukumbi ukamwendea kama ndege kwa mtama. Alisimulia habari za Akinyi, akasimulia za dereva na paka wake watatu. Alipofika kwenye kuwatenganisha wasichana na kuwahoji mmoja mmoja, akakuna kichwa.

"Hiyo mbinu," akasema, "nilisoma mahali."

Mahali penyewe palikuwa mimi, nimekaa safu ya tatu, mkoba magotini. Mwalimu kijana aliyekuwa kando yangu aliacha kuandika, akaniinamia akanong'ona, "Huyu mzee ni moto, ama namna gani?"

"Ni moto," nikamwambia, na nikapiga makofi pamoja na wengine, kwa sababu alikuwa amesimulia vizuri.